Maswali ya Wasomaji: Goti Linyooke Kwanza, Kisu Kitangoja

Barua za safari hii karibu zote ni za goti. Kabla ya kuanza, tukubaliane maneno mawili. Tunaposema ligamenti tunamaanisha utepe mgumu unaofunga mfupa kwa mfupa. Tunaposema kano tunamaanisha utepe unaofunga msuli kwenye mfupa. Mitaani yote huitwa "mishipa", na hapo ndipo watu wanapoanza kupotezana.

Shikamoo daktari. Nina miaka 24, nacheza kandanda upande wa winga. Wiki tano zilizopita niligeuka na mpira, unyayo ukabaki umeng'ang'ania chini, nikasikia "tap" ndani ya goti. Hata saa mbili hazijapita, goti lilikuwa limejaa kama boga. Picha ya MRI inaonyesha ligamenti ya mbele imekatika kabisa, meniskasi zote mbili (mito laini iliyo kati ya mifupa ya goti) ziko salama. Daktari wa mifupa anataka kunipasua wiki ijayo. Mtaalamu wa fiziotherapia anasema nifanye mazoezi kwanza, huenda nisihitaji kupasuliwa. Nimsikilize nani? Goti bado halinyooki lote na natembea nikichechemea.

Marahaba. Jibu lako limo katika sentensi yako ya mwisho. Goti ambalo halijanyooka lote halipasuliwi wiki ijayo, hata kama mwisho wa yote litapasuliwa. Likiingia chumba cha upasuaji limekakamaa, lina hatari kubwa ya kutoka limekakamaa zaidi: kovu hujijenga ndani, na mgonjwa hutumia miezi mingi kupigania nyuzi tano za mwisho za kunyooka. Kinachovunja kanuni hii ni kipande cha meniskasi kilichochanika na kujikunja katikati ya goti, kikalifunga lisinyooke. Hilo halingoji. Kwako MRI imeliondoa.

Ligamenti ya mbele, ile wapenzi wa kandanda wanayoiita ACL, imekaa katikati kabisa ya goti. Kazi yake ni kuuzuia muundi usiteleze mbele wala usizunguke kupita kiasi chini ya mfupa wa paja. Kutembea, kupanda ngazi na kuendesha baiskeli haviitegemei sana. Inatafutwa pale unapokata kona kwa kasi, unaposimama ghafla, au unapotua kwa mguu mmoja huku kiwiliwili kikigeukia kwingine. Kwa hiyo watu wawili wenye picha zinazofanana wanaweza kupewa ushauri tofauti, na kila mmoja akawa ameshauriwa vizuri.

Hata wataalamu wako wawili hawabishani bure. Kila mmoja ana utafiti wa kuegemea. Mwaka 2010 ulitolewa utafiti wa Sweden wa watu 121, vijana wachangamfu walioumia karibuni. Nusu walifanyiwa upasuaji mapema kisha mazoezi. Nusu nyingine walianza mazoezi, wakiruhusiwa kupasuliwa baadaye goti likiwashinda. Baada ya miaka miwili makundi hayo hayakutofautiana kwa maumivu wala kwa uwezo wa kutumia goti. Katika kundi la mazoezi walikuwa watu 59: 23 kati yao walikuwa wameshapasuliwa kufikia mwaka wa pili, na 30 kufikia mwaka wa tano. Yaani karibu nusu hawakuhitaji kisu kabisa. Lakini wachezaji wa kiwango cha juu kabisa hawakuingizwa katika utafiti huo. Kisha mwaka 2022 ukaja wa Uingereza, watu 316 ambao jeraha lao halikuwa bichi tena na goti lilikuwa likiendelea kuwasumbua kwa kulegea. Hapo upasuaji uliyashinda mazoezi. Tafiti hizo hazipingani. Goti bichi lina haki ya kujaribiwa. Goti lililokwisha kuzoea kuachia kwa muda mrefu, mazoezi peke yake hayalipatanishi kirahisi.

Basi ufanye nini kuanzia leo? Kazi ya kwanza ni kunyoosha. Lala chali au kaa, weka kisigino juu ya taulo lililokunjwa ili nyuma ya goti pabaki hewani, uliache goti lishuke kwa uzito wake kwa dakika 10, mara tatu au nne kwa siku. Usiweke mto chini ya goti wakati wa kulala, hata kama unaona raha. Raha hiyo ndiyo inayokufundishia goti kubaki limepinda. Pamoja na hilo, kaza msuli wa mbele wa paja hadi pia ya goti ipande juu, shikilia sekunde 5 hadi 10, rudia mara 10, mara kadhaa kwa siku. Ukiweza kuinua mguu mzima ukiwa umenyooka, seti 3 za mara 10, bila kisigino kubaki nyuma wala goti kulegea hata kidogo, msuli umeamka. Kama kisigino kinachelewa, haujaamka, na usiukimbize kwenye mazoezi makubwa.

Msuli huo hulala kwa sababu ya uvimbe. Goti likijaa maji, neva zake huutumia msuli amri ya kupunguza nguvu, na ukijitahidi vipi haukazi. Mgonjwa hudhani ni mvivu. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, na kuinua mguu husaidia. Kifaa cha umeme cha kusisimua msuli, akiwa nacho mtaalamu wako, husaidia zaidi.

Uvimbe ukishatulia na goti likinyooka na kujikunja kupita nyuzi 110 hivi, panda baiskeli isiyotembea. Baada ya hapo njoo kwenye uzito wenyewe: kuchuchumaa, kupanda na kushuka kidato cha ngazi kwa mguu mmoja, mashine ya kusukuma kwa miguu, kuinua nyonga ukiwa umelala chali kwa ajili ya misuli ya nyuma ya paja. Mara mbili au tatu kwa wiki, seti 3 au 4 za mara 6 hadi 8, kwa mzigo unaokufanya zile mbili za mwisho uzitafute kwa jasho. Tiba nyingi hufia hapa. Mgonjwa anapewa mpira wa kuvuta na mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja, miezi mitatu inapita, paja bado jembamba, kisha watu wanasema "mazoezi yameshindikana". Mazoezi hayo hayakuwahi kufanywa.

Kipimo chako cha kila siku ni utepe wa fundi cherehani. Zungusha katikati ya pia ya goti asubuhi, andika. Kama kesho yake umeongezeka sentimita 1 au zaidi, kazi ya jana ilizidi: punguza mzigo. Usiache kabisa.

Karibu na wiki ya 12 ya kazi ya kweli, kaa na wataalamu wote wawili mfanye uamuzi. Swali kubwa ni kama goti linaachia. Kuachia si maumivu wala woga. Ni ule mtelezo wa ghafla, unahisi mfupa umehama kisha umerudi. Likiachia unaposhuka ngazi au unapogeuka jikoni, na paja limeshapata nguvu, upasuaji una hoja nzito, maana kila mtelezo unaweza kuikata meniskasi uliyobahatika kuibakiza. Swali la pili ni unataka kulifanyia nini goti hilo. Kwa winga anayetaka kurudi kwenye kiwango kilekile, hatutakuficha: wengi wa namna yako huishia kwenye upasuaji. Hata hivyo wiki hizi 12 hazipotei. Paja lililoingia chumba cha upasuaji lina nguvu hurudi mapema kuliko lililoingia dhaifu.

Habari za kazi. Nina miaka 46, kazi yangu ni ya kukaa. Ligamenti ya mbele ilikatika miezi minane iliyopita, sikupasuliwa. Naogelea, naendesha baiskeli, natembea, goti haliachii. Jirani kaniambia nisipopasuliwa nitapata baridi yabisi ya goti. Ni kweli?

Jirani ana nusu ya ukweli. Goti lililokatika ligamenti ya mbele lina hatari zaidi ya kusagika miaka ya baadaye, hilo halina ubishi. Asichokijua ni kwamba upasuaji haujathibitika kuiondoa hatari hiyo. Sehemu ya madhara hutokea siku ileile ya kuumia, mifupa inapogongana na gegedu, ule utando laini unaofunika ncha zake, kuchubuka. Kinacholiharibu goti zaidi ni kupoteza meniskasi, uzito wa mwili kupita kiasi, paja dhaifu, na kuumia tena. Kwa mtu wa michezo uliyoitaja, ambaye goti lake haliachii, hatuoni sababu ya kukufungulia. Ongeza kazi ya nguvu ya paja mara mbili kwa wiki na usiiache kwa kuwa umepona. Nguvu hiyo ndiyo inayokushikia goti. Siku ukianza mchezo wa kukata kona, tuandikie tena.

Mimi nimeumia ligamenti ya ndani ya goti, ripoti inasema daraja la tatu, yaani imekatika. Daktari kanipa bresi tu, kifaa cha kulifunga na kulishikilia goti, na kuniambia niende nyumbani. Mwenzangu aliyekatika ya mbele amepasuliwa. Nimedharauliwa?

Hapana. Ligamenti ya ndani iko nje ya chumba cha goti, ina damu ya kutosha, na ncha zake zikitulia huungana zenyewe. Ile ya mbele huogelea katika maji ya goti, damu iliyoganda ambayo ingezishika ncha zake husambaratika, kwa hiyo mara nyingi haiungani. Bresi yenye bawaba, inayoruhusu kukunja na kukataza goti kuingia ndani, huvaliwa kwa wiki 4 hadi 6 hivi kwa daraja lako. Fanya mazoezi ya kunyoosha na kukunja tangu mwanzo, epuka kulala kwa ubavu goti likining'inia bila kitu cha kuliegemeza. Ungepasuliwa kama ligamenti imeng'oka upande wa muundi na ikanaswa mahali isipoweza kurudi, au kama nyingine zimekatika pamoja nayo.

Hapo pana neno la haraka. Jeraha la pembe ya nje na nyuma ya goti likiwa kubwa halivumilii kungojewa. Hurekebishwa vizuri zaidi ndani ya wiki mbili tatu za mwanzo. Na goti lililotoka kabisa mahali pake, hata kama limerudi lenyewe, ni dharura ya usiku uleule, kwa sababu mshipa mkubwa wa damu nyuma ya goti unaweza kuwa umechanika. Mguu wa baridi, uliopauka au wenye ganzi usingoje miadi.

Nimesikia siku hizi ACL inaweza kuungana bila upasuaji kwa kufungwa bresi. Ni mambo ya kweli au ya mitandaoni?

Ni ya kweli, ila bado machanga. Mwaka 2023 wataalamu wa Australia walitoa matokeo ya watu 80 waliofungwa bresi goti likiwa limekunjwa nyuzi 90 kwa wiki 4, kisha likafunguliwa hatua kwa hatua. Baada ya miezi mitatu, MRI za watu 9 kati ya 10 zilionyesha dalili za kuungana. Kumbuka mambo matatu. Hakukuwa na kundi la kulinganisha. Huanzwa katika wiki chache za mwanzo, kwa hiyo aliyeumia mwaka jana amechelewa. Na mguu uliokunjwa mwezi mzima unaweza kugandisha damu, ndiyo maana hufanywa chini ya daktari na dawa za kuzuia damu kuganda. Kujifunga mwenyewe nyumbani ni hatari.

Binti yangu ana miaka 16, anacheza mpira wa mikono. Goti limeachia mara nne shuleni licha ya mazoezi ya miezi minne, na safari ya mwisho meniskasi imechanika. Tumekubali upasuaji. Daktari ametuuliza pandikizi litoke wapi, tukabaki kutazamana. Kocha naye anasema miezi sita inatosha kurudi uwanjani.

Mama, uamuzi wa kupasua ni sahihi kwa maelezo hayo, na meniskasi ikishonwa wakati huohuo ni bora kuliko kukatwa. Muulize daktari kama anakusudia kuishona. Ikishonwa, mara nyingi kutakuwa na wiki kadhaa za magongo na za kutokunja goti kupita kiwango fulani. Msione ni uzembe wa mtu.

Pandikizi, hapa ndipo ile tofauti ya ligamenti na kano inapohitajika: daktari huchukua kano ya mgonjwa mwenyewe na kuifanya ligamenti. Ya chini ya pia ya goti huchukuliwa na vipande viwili vya mfupa, hushika imara na kwa wachezaji vijana inaaminiwa sana. Ubaya wake ni maumivu ya mbele ya goti, hasa kupiga magoti. Za nyuma ya paja humwachia maumivu machache mbele, lakini hupunguza nguvu ya kukunja goti, nayo misuli hiyo ndiyo inayosaidia kuuzuia muundi usiteleze mbele. Ya juu ya pia ya goti ni nene na inazidi kutumika, ila paja la mbele huchelewa kurudi. Kwa umri wake tungekataa pandikizi la kutoka kwa mtu aliyefariki. Kwa vijana wanamichezo hukatika zaidi. Baada ya hapo, chagueni lile ambalo daktari wenu hulifanya mara kwa mara. Mkono uliozoea una uzito kuliko ubishi wa vitabu. Muulizeni pia kama sehemu za mifupa zinazokua zimeshafunga, eksirei huonyesha.

Sasa kocha. Kano iliyopandikizwa huingia kipindi cha udhaifu katika miezi ya mwanzo: mwili huitafuna na kuijenga upya, na huu ndio wakati mgonjwa anajisikia amepona. Utafiti wa Norwei uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mchezaji aliochelewa kurudi, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza kuumia tena kwa karibu nusu. Na kwa wachezaji walio chini ya miaka 25 wanaorudi michezoni, karibu mmoja kati ya wanne huumia tena ligamenti hiyo, kwenye goti lilelile au la pili. Kwa hiyo miezi sita hapana. Miezi 9 ndiyo chini kabisa, na kalenda peke yake haimruhusu mtu. Apimwe nguvu ya paja la mbele na kuruka kwa mguu mmoja: ruko moja, maruko matatu mfululizo, maruko ya kuvuka mstari. Mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya mwingine. Hapo pana mtego: mguu usioumia nao hudhoofika kwa kukaa, ukamfanya mgonjwa aonekane amefaulu. Chukueni vipimo vya mguu usioumia sasa, kabla ya upasuaji, mvihifadhi.

Mpigeni picha ya video akitua. Goti likiingia ndani, hata kama ameruka mbali, bado. Akirudi, kupasha misuli joto kusiwe kukimbia uwanja mara mbili tu. Mpango wa kupasha misuli joto uitwao FIFA 11+ huchukua dakika 20 hivi na hufaa ukifanywa angalau mara mbili kwa wiki. Uliundwa kwa kandanda, lakini kutua na kukata kona ni kulekule.

Nilipasuliwa ACL wiki tatu zilizopita. Goti halinyooki, limebaki nyuzi kama kumi, na paja halikazi. Pia tangu juzi shavu la mguu linauma na limevimba. Niendelee na mazoezi?

Mazoezi yangoje, nenda hospitali leo. Shavu la mguu linalouma na kuvimba baada ya upasuaji wa goti linaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa, na hupimwa kwa ultrasaundi. Usilikande, usilipake dawa ya kuchua. Ukiishiwa pumzi ghafla au kifua kikachoma unapovuta hewa, usijiendeshe, upelekwe dharura. Homa, goti kuwa jekundu na la moto, au kidonda kutoa usaha navyo havingoji miadi.

Ukishapimwa na kuruhusiwa, nyuzi kumi zako zishughulikiwe kwa nguvu zote: kisigino juu ya taulo kama tulivyomweleza winga wetu, au ulale kifudifudi miguu ikining'inia nje ya kitanda kuanzia juu kidogo ya goti. Mwambie daktari wako sasa, usisubiri miadi ya miezi mitatu. Kama wiki zinapita na goti linagota mahali palepale likikaribia kunyooka, labda na mlio au maumivu ya mbele, huenda kuna fundo la kovu mbele ya pandikizi. Hilo halinyooshwi kwa kulikandamiza. Daktari huliondoa kupitia matundu madogo, na kunyoosha huanza tena siku hiyohiyo.